Kununua kunzaiti: mwongozo kamili wa kito cha waridi na urujuani

Shika kunzaiti iliyokatwa vizuri kwa ncha za vidole viwili, uitazame kutoka juu. Utaona waridi iliyokolea, na ndani yake urujuani unaopita kama kivuli. Sasa igeuze polepole uitazame ubavuni. Rangi inapungua, inazidi kupungua, mwisho unabaki na kitu kinachokaribia weupe wa maji. Jiwe ni lile lile, taa ni ile ile.

Anayenunua kunzaiti bila kujua kwamba rangi yake huonekana vizuri kutoka upande mmoja tu, ananunua kwa kubahatisha. Kuna mambo mengine mawili yanayoambatana na hilo: jiwe hili hupauka likikaa sana juani, na hupasuka likigongwa vibaya. Karibu kila ninachokushauri hapa chini kinatokana na tabia hizo tatu.

Ni jiwe gani hasa

Kunzaiti ni aina ya madini yanayoitwa spodumini, yale yale yanayochimbwa kwa wingi ili kupata lithiamu ya betri za simu na magari ya umeme. Spodumini nyingi haina sura ya kuvutia. Lakini fuwele zake zikikua zikiwa angavu na zikapata kiasi kidogo cha manganizi, hutoka rangi ya waridi, ya urujuani, au mchanganyiko wa zote mbili, na hiyo ndiyo kunzaiti. Zikipata kromu badala ya manganizi, hutoka kijani na jina lake huwa hidenaiti.

Kito hiki kilitambuliwa mwaka 1902 kwa mawe yaliyotoka eneo la Pala, katika wilaya ya San Diego, California. Aliyeyachunguza ni George Frederick Kunz, mtaalamu wa vito wa duka la vito la Tiffany & Co., na mwaka uliofuata mwanakemia Charles Baskerville akalipa jiwe jina lake. Leo kunzaiti nyingi hutoka Afghanistan, hasa milima ya Nuristan, pamoja na Pakistani, Brazil na Madagaska.

Jambo la kumfaa mnunuzi katika historia hiyo ni ukubwa. Kunzaiti hukua ndani ya miamba ya pegmataiti, ambamo fuwele huweza kurefuka na kunenepa kuliko za vito vingi. Makumbusho ya Smithsonian, Marekani, yana kunzaiti ya Brazil iliyokatwa umbo la moyo yenye karati 880. Karati ya vito, usiichanganye na ile ya dhahabu, ni gramu 0.2, kwa hiyo moyo huo una gramu 176. Kunzaiti safi ya karati 10 au 20 si ajabu, na muuzaji akikuambia bei imepanda kwa sababu mawe makubwa ya aina hii hayapatikani, mwombe akupe sababu nyingine.

Kabla ya kuangalia jiwe, amua litavaliwaje

Watu wengi huanza na jiwe ndipo wafikirie pambo. Kwa kunzaiti ni heri kuanza na pambo.

Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, ugumu wake ni 6.5 hadi 7. Vumbi linalotua mezani huwa na chembe za kwazi, madini yaliyo kwenye mchanga wa kawaida, na kwazi ina ugumu wa 7. Maana yake ni kwamba hata kulifuta jiwe lenye vumbi kwa kitambaa kikavu, siku baada ya siku, kunaweza kuondoa mng'ao wake polepole. Hilo linavumilika, kwa kuwa jiwe huweza kung'arishwa tena. Kubwa zaidi ni mpasuko. Kunzaiti ina njia mbili za kupasukia zinazokutana karibu pembemraba, nayo hufuata njia hizo kama gogo linavyofuata nyuzi zake linapopigwa shoka. Pigo ambalo yakuti ingelistahimili linaweza kuigawa kunzaiti vipande viwili vyenye nyuso laini kabisa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kidani, hereni na bruchi: nunua bila wasiwasi. Pete ya kuvaa kwenye shughuli kisha kuivua: sawa, mradi jiwe limekingwa vizuri. Pete ya kila siku, ya uchumba au ya ndoa, inayofungua milango, kuosha vyombo na kubeba mizigo: hapana. Najua jinsi mtu anavyoweza kuipenda rangi hii hadi akataka aione mkononi saa zote. Lakini nikimpenda mtu siwezi kumshauri hivyo. Achague yakuti ya waridi au spineli, ambazo zinaweza kazi hiyo.

Kuangalia rangi

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu thamani ya kunzaiti iko kwenye rangi kuliko kitu kingine chochote.

Omba karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Weka jiwe juu yake, uso wa juu ukikuelekea, karibu na dirisha lakini si kwenye jua la moja kwa moja. Mwanga wa mchana ulio kivulini ndio unaosema kweli. Taa za vibanda vya vito mara nyingi zina mwanga wa moto moto unaoongeza wekundu, na jiwe lililopauka hupata uso mpya chini yake. Muuzaji asiyetaka jiwe lisogee mita mbili hadi dirishani amekwisha kukuambia jambo.

Liangalie kwanza kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, maana watu watakuona ukiwa umelivaa kwa umbali huo au zaidi. Je, bado lina rangi, au limekuwa jeupe lenye dokezo tu la waridi? Kisha lisogeze karibu uulize rangi imeenea vipi. Kunzaiti nzuri ina rangi katikati pia, si kwenye kingo tu. Mwisho ligeuze upande hadi upande. Utaona rangi tatu zikipokezana: urujuani wa waridi, waridi hafifu, na karibu hakuna rangi. Hiyo ni tabia ya fuwele yenyewe na si dosari. Unachohitaji kujua ni ipi kati ya hizo tatu imewekwa usoni.

Rangi nzito zaidi huonekana ukitazama kufuata urefu wa fuwele. Fundi mkataji anayejali huulaza uso wa jiwe ili macho yako yapite njia hiyo, hata kama kwa kufanya hivyo anapoteza sehemu kubwa ya mali ghafi, kwa sababu fuwele za kunzaiti huwa bapa na ndefu. Fundi anayetafuta uzito hukata kwa kufuata ubapa, akapata jiwe kubwa lenye uso uliofifia. Ukigundua kwamba jiwe lina rangi nzuri zaidi ubavuni kuliko usoni, umeona kazi ya namna hiyo. Hakuna sonara atakayeirekebisha bila kulikata upya na kupunguza uzito.

Rangi huongezeka na unene. Mawe madogo, tuseme chini ya karati tano, kwa kawaida huwa hafifu, hata yakikatwa kwa ustadi. Ndogo yenye rangi nzito inastahili maswali, nami nitayafikia. Kuhusu waridi au urujuani, soko hupenda zaidi ile yenye zambarau iliyokolea, lakini macho ni yako. Ninalolikwepa mimi ni jiwe lenye ukungu wa kijivu au kahawia ndani ya waridi. Linaonekana limechoka hata likiwa jipya.

Mkato, na jinsi ya kujua unalipia nini

Weka jiwe juu ya mstari wa maandishi. Ukiweza kuyasoma kupitia katikati ya jiwe, basi mwanga unapita chini badala ya kurudi machoni. Hali hiyo huitwa dirisha. Dirisha dogo katika kunzaiti linasameheka. Dirisha linalochukua nusu ya uso limekula rangi uliyokuja kuifuata.

Upande wa pili kuna jiwe lenye tumbo. Kunzaiti hukatwa nene kwa sababu njema, ili rangi ikolee, na kina cha theluthi mbili hadi robo tatu ya upana wake hakinishtui. Likizidi hapo, unalipia uzito usioonekana, na pambo litalazimika kuwa na kitako kirefu kinachosugua ngozi.

Chukua vipimo vya milimita na ufanye hesabu mwenyewe. Kwa jiwe la umbo la yai, jumlisha urefu na upana, gawanya kwa mbili, zidisha jawabu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa kina, kwa 3.18 (uzito wa kunzaiti ukilinganishwa na wa maji), na kwa 0.002. Tuchukue jiwe la milimita 16 kwa 12, kina 9. Wastani wa 16 na 12 ni 14, 14 mara 14 ni 196, mara 9 ni 1,764, mara 3.18 mara 0.002 unapata karati 11 na kidogo. Muuzaji akisema karati 12 au 10.5, sawa, tumbo na kingo hutofautiana. Akisema jiwe la vipimo hivyo lina karati 20, hilo si kunzaiti. Zirkonia, kito cha kutengenezwa kiwandani, ndiyo yenye uzito wa namna hiyo, na wewe umeigundua ukiwa umekaa kitako na kalamu.

Usafi

Kunzaiti huwa safi kwa asili, kwa hiyo usikubali jiwe lenye madoa yanayoonekana kwa macho matupu ukidhani umepata nafuu. Vijimirija vyembamba vilivyolala sambamba, vinavyoonekana kwa lenzi ya kukuza mara kumi, havidhuru.

Unachokitafuta hasa kwa lenzi hiyo ni ufa. Ufa wa mpasuko hujulikana: ni bapa kama kipande cha kioo kilichosimama ndani ya jiwe, na ukiligeuza kidogo hung'aa ghafla, wakati mwingine kwa rangi za upinde wa mvua. Angalia ukingo wote wa jiwe, mahali makucha ya pete yatakaposhika, na ncha za maumbo ya tone na ya mashua. Ufa unaofika nje ni sababu ya kulirudisha jiwe mezani, hata kama rangi yake imekuteka.

Kuhakikisha ni kunzaiti kweli

Vito vinavyofanana nayo ni vingi: moganaiti, turumalini ya waridi, amethisti hafifu, topazi ya waridi, yakuti ya waridi. Chini yao kuna kioo na zirkonia. Na ukiona tangazo la "kunzaiti ya maabara," kwa kawaida utakuta ni zirkonia, kioo, au spineli ya kutengenezwa iliyotiwa rangi ifanane.

Jaribio rahisi ni kuligeuza, kama tulivyofanya mwanzoni. Kioo na zirkonia hazibadilishi rangi kwa kugeuzwa.

Jaribio la pili ni tochi ya mionzi ya urujuanimno, aina ya mawimbi marefu, ile inayotumika kukagulia noti. Chumba kikiwa na giza, kunzaiti nyingi hung'aa rangi ya chungwa au chungwa lenye waridi. Amethisti na turumalini kwa kawaida hukaa kimya. Isipong'aa, usiihukumu papo hapo. Iking'aa chungwa, umesogea karibu na ukweli.

La tatu ni maji. Unahitaji mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01. Pima jiwe. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani, rudisha mizani sifuri, na uning'inize jiwe kwa uzi mwembamba hadi lizame lote bila kugusa kuta wala kitako. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa jiwe kwa namba hiyo. Jiwe la karati 20, yaani gramu 4, likionyesha 1.26 ndani ya maji, unapata takriban 3.17, na kunzaiti ni kama 3.18. Amethisti ingekupa 2.65, moganaiti kama 2.7 au 2.8, topazi 3.5, yakuti 4.0, zirkonia zaidi ya 5. Turumalini iko karibu, kama 3.06, kwa hiyo kwa jiwe dogo mizani ya nyumbani haiwezi kuzitenganisha. Kioo nacho kinaweza kuangukia popote.

Jiwe likiwa la bei inayokuumiza, yaache haya yote uende maabara ya vito yenye jina. Kipimo cha namna jiwe linavyopinda mwanga, ambacho kwa kunzaiti ni takriban 1.660 hadi 1.676, humaliza ubishi kwa dakika chache.

Rangi imetoka wapi, na itakaa?

Kunzaiti nyingi sokoni zimepigwa mionzi, kisha zikapashwa joto au kuwekwa kwenye mwanga. Mionzi huifanya spodumini yenye manganizi igeuke kijani. Joto au mwanga huuondoa ukijani na kuacha waridi au urujuani uliokolea kuliko wa awali. Si utapeli, mradi umeambiwa. Tatizo ni kwamba hata maabara mara nyingi hushindwa kuthibitisha kama mionzi ilitumika, kwa sababu ardhi nayo ina mionzi yake na hufanya kazi ile ile kwa muda mrefu. Kwa hiyo cheti kisichotaja mionzi hakimaanishi kwamba haikutumika.

Ya asili au ya kupigwa mionzi, zote hupauka kwenye mwanga mkali na joto. Ndiyo maana kwa miaka mingi imeitwa jiwe la jioni. Kuitoa kwa karamu, kwa taa za ndani, hakuipunguzii kitu cha maana. Kuilaza dirishani kwa majuma ndiko kunakoiua.

Muulize muuzaji maswali haya, kwa maneno haya haya: Jiwe hili limepigwa mionzi au kupashwa joto? Limekaa muda gani kwenye kabati lenye taa? Utaandika jibu kwenye risiti? Jawabu la swali la pili lina faida ya ajabu. Jiwe lililokaa miezi chini ya taa za kabati na bado lina rangi nzuri limekwisha kufanyiwa mtihani ambao wewe usingeweza kuufanya. Lile lililotolewa sasa hivi kwenye karatasi ya kukunja, dogo na lenye rangi nzito mno, ndilo ninalotaka kulifahamu zaidi kabla ya kutoa fedha. Na usikubali jiwe lenye rangi ya kijani iliyochanganyika na zambarau kwa ahadi kwamba "litatulia."

Bei

Sheria ya kunzaiti ni rangi kwanza, mkato pili, ukubwa baadaye. Kwa rubi, jiwe likizidi karati chache bei ya kila karati hupanda kama ngazi. Kwa kunzaiti ngazi hiyo ni ya chini, kwa sababu mawe makubwa yapo. Kati ya jiwe hafifu la karati 25 na lenye rangi kamili la karati 12 kwa fedha zile zile, chukua la 12.

Usiongozwe na habari za minada. Pete ya kunzaiti ya karati 47 ambayo Rais John F. Kennedy aliinunua ili ampe mkewe Krismasi ya 1963, akauawa kabla ya siku hiyo, iliuzwa Sotheby's mwaka 1996 kwa zaidi ya dola 400,000. Fedha hizo zililipwa kwa ajili ya watu wale na huzuni ile.

Ukinunua mtandaoni

Picha moja haitoshi, na kamera za simu hukosea sana kwenye zambarau. Omba video fupi ya jiwe likiwa juu ya karatasi nyeupe, kisha kati ya vidole, likigeuzwa hadi ubavu uonekane, kwa mwanga wa mchana na tena kwa taa. Vidole vinasaidia: ngozi ikionekana ya waridi isivyo kawaida, rangi imeongezwa kwenye video nzima. Omba vipimo vyote vitatu vya milimita ili ufanye ile hesabu. Na usitume fedha kwa asiyekubali kurudishiwa jiwe ndani ya siku kadhaa. Likifika, lipime siku hiyo hiyo.

Kwa sonara

Mwambie sonara ni kunzaiti kabla hajaligusa, kisha umwombe mambo haya. Asiunguze wala kuchomelea chochote jiwe likiwa ndani. Asilisafishe kwa mashine ya mawimbi ya sauti wala kwa mvuke, kwani vyote vinaweza kufungua ufa. Ncha za tone na mashua zifunikwe na makucha ya umbo la V. Kwa pete, ukingo wa madini unaozunguka jiwe lote ni salama kuliko makucha manne yaliyosimama. Mgongo uachwe wazi; zamani mafundi waliweka karatasi ya kung'aa nyuma ya jiwe kuongeza rangi, na pambo kuukuu lenye mgongo uliozibwa linahitaji kufunguliwa ndipo ujue ulichonunua.

Dhahabu nyekundu huivuta kunzaiti kwenye waridi. Platinamu, fedha na dhahabu nyeupe huuacha urujuani uonekane, na kwangu hapo ndipo jiwe hili linapopendeza zaidi.

Nyumbani, livae mwisho baada ya manukato na mafuta. Lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi ya nywele laini. Suuza vumbi kwanza, ndipo ufute. Lihifadhi gizani, kwenye kifuko chake peke yake, mbali na yakuti na almasi zinazoweza kulikwaruza. Kila unapolitoa, litikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia mgongano mdogo, makucha yamelegea. Usilivae jioni hiyo, lipeleke kwa sonara.